Chumba cha Mbele cha Bi Nasra

Wiki iliyopita nilipita mtaa wetu wa zamani nikiwa juu ya guta la magurudumu matatu, nimekalia belo la nguo za watoto, nikakuta nyumba ya Bi Nasra imekatwa katikati. Walikuwa wameanza kubomoa upande wa barabarani. Kariakoo siku hizi ndivyo ilivyo. Jana ulipita ukaona baraza na watu wamekaa, leo unapita unakuta mabati ya buluu yamezungushwa na picha ya ghorofa ambalo bado halipo. Hilo halikunishangaza. Nilimwambia kijana wa guta asimame kidogo kwa sababu chumba cha mbele, ambacho mwaka ule kwa miezi minne hakuna aliyeruhusiwa hata kuchungulia, kilikuwa wazi mbele ya barabara nzima. Niliona rangi yake ya kijani, msumari uliokuwa ukitundikwa tasbihi, na ufa uliotoka darini ukashuka mpaka sakafuni, umepinda kama mto kwenye ramani. Watu walikuwa wanapita na vifurushi vyao bila kugeuza shingo.

Kijana akaniuliza, "Dada, una ndugu yako hapo?"

Nikamwambia hapana, twende. Lakini harufu ya ile chokaa kavu ilinifuata mpaka Mchikichini, na siku nzima niliwauzia watu magauni ya watoto huku akili iko kwingine. Wateja wangu wameshanizoea, mimi ni mtu wa kuota mchana. Kuna mama mmoja nilimpa kaptura mbili badala ya moja, akarudi mwenyewe kunirudishia.

Tulihamia nyumba ile kutoka Masasi nikiwa na miaka minane. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida, vyumba vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, uani kuna jiko na choo. Vyumba vya mbele walikaa wenye nyumba, Mzee Salum na mkewe Bi Nasra, watu wa asili ya Kiarabu, wenye duka la viungo jirani na soko. Sisi tulipanga chumba cha nyuma kabisa, Baba, Mama, dada yangu Felista na mimi. Barazani alikaa Fundi Issa na cherehani yake, akishona tangu asubuhi hadi magharibi, futi imening'inia shingoni hata siku ambazo hana kazi.

Bi Nasra macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo kila nikitoka shule aliniita nimtungie uzi kwenye sindano. Alikuwa anashona vikofia vidogo, vya ukubwa wa chungwa. Binti yake wa pekee, Samira, aliolewa Tanga, na baada ya miaka mingi ya kusubiri alikuwa amepata ujauzito. "Siku ya siku ikifika mimi nipo pale pale, nampokea kwa mikono yangu," aliniambia, akanionyesha hiyo mikono kana kwamba sijawahi kuiona. Chumba chake kilinukia udi. Kwangu mimi mtoto wa Masasi, ile harufu ndiyo ilikuwa utajiri wenyewe, kuliko hata televisheni yao.

Sasa niwaeleze habari ya kitabu. Felista alikuwa kidato cha pili na alikuwa msomaji kweli kweli. Kuna mzee aliyekuwa anauza vitabu vilivyotumika, amevitandaza chini kwenye turubai kule Posta, na siku moja alimpa Felista kimoja bure kwa sababu hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Kilikuwa cha Kiingereza. Mchana Mama akiwa kwenye kona yake anauza mihogo ya kukaanga, Felista alikaa uani juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawa ananisomea kwa Kiswahili chake.

Ilikuwa hadithi ya nyumba kubwa ya mawe iliyosimama peke yake kwenye ukungu. Msichana mmoja anaajiriwa humo kufua. Kila Alhamisi anapewa gauni moja jeupe alifue, na gauni lenyewe halina doa. Vioo vyote vya nyumba vimefunikwa vitambaa. Madirisha yamepigiliwa misumari. Mwenye nyumba ni bwana mpole, mwenye sauti ndogo, na ukimuuliza habari za mke wake anasema amepumzika. Msichana akiwa anaanika, anasikia ndani ya ukuta mtu anagonga. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Na ukuta una ufa, na ufa unarefuka. Mwishowe msichana anaweka mkono kwenye kitasa cha mlango, na hapo hapo kurasa zinaishia. Felista alikuwa ananitungia mwisho, kila siku wa namna yake. Siku nikiwa nimemuudhi walikuwa wanakufa wote.

Huko shuleni mwalimu wao wa fasihi alikuwa amewafundisha taswira na dhamira, na Felista hakuweza kukaa na elimu bila kuigawa.

"Ufa siyo ufa," aliniambia.

"Ni nini?"

"Ni ndoa yao. Imepasuka. Mwandishi hasemi, anakuonyesha tu."

"Na gauni?"

"Sanda. Anavishwa sanda angali hai."

"Na vioo?"

"Ukiona kitu kimefunikwa kwenye hadithi, ujue kuna mtu anafichwa."

"Na kama kimefunikwa kwa sababu ya vumbi?"

Felista akanitazama kwa huruma. "Basi hujasoma vizuri."

Maneno hayo yaliniingia kuliko hesabu zote nilizowahi kufundishwa. Nikaanza kutembea Kariakoo nikisoma kila kitu. Duka lililofungwa mchana, mwanamke aliyeficha mkono chini ya kanga, mbwa aliyelala njiani bila kutikisika, vyote nilijua vina maana, tatizo lilikuwa maana ipi.

Halafu Mzee Salum akafariki. Alianguka dukani asubuhi, na kabla jua halijazama alikuwa ameshazikwa. Turubai likafungwa mtaani, watu wakajaa, wanawake ndani, wanaume nje, wali ukapikwa kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea humo. Siku ya nne turubai likaondolewa. Na Bi Nasra naye akaondoka, ingawa hakwenda popote.

Sikuitwa tena kutunga uzi. Dirisha lake la barabarani lilifungwa na halikufunguliwa tena. Harufu ya udi ilikatika, na korido ikabaki inanuka korido. Kile kioo kikubwa kilichokuwa ukutani mkabala na mlango wake, ambacho Felista alizoea kujitengenezea nywele, kilifunikwa shuka. Uani kwenye kamba, kila baada ya siku chache, lilianikwa gauni moja jeupe na mtandio mweupe. Nilisogea kulitazama karibu. Halikuwa na doa.

Na mlango ulipata mlinzi. Bi Moza, dada yake Mzee Salum, alikuja kutoka Unguja kukaa na wifi yake. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake ndogo kama ya yule bwana wa kitabuni. Nilimsalimia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," nikamuuliza Bi Nasra yuko wapi. Akasema, "Yupo, amepumzika."

Nikakimbilia uani.

Nilimuuliza Mama. Akaniambia Bi Nasra kafiwa, ana majonzi. Nikamwambia mama mdogo alipofiwa kule Masasi, siku ya saba tulimkuta shambani. Mama alikuwa anamenya mihogo na hakuinua kichwa. "Kila watu na mambo yao, Tekla. Tumepewa chumba, hatukupewa maswali."

Felista alikuwa anajua. Nusu ya darasa lao walikuwa Waislamu, angeweza kuniambia kwa sentensi moja kwamba mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajifukizi, hatoki bila dharura wala haonani na wanaume wasio ndugu zake wa karibu. Lakini nilipomweleza habari ya kioo na gauni, alikunja uso kama mtu mwenye siri, akasema polepole, "Mimi siwezi kusema kitu." Akaniacha na uso huo. Ndiyo raha ya kuwa dada mkubwa, nadhani.

Siku zikaenda, ukaja mwezi wa pili, wa tatu. Kisha nikasikia ukuta.

Nilikuwa napita koridoni kurudisha ndoo. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Sauti ilitoka chumba cha mbele, chini chini, karibu na sakafu. Nikaweka ndoo, nikatega sikio. Halafu nikafanya jambo ambalo msichana wa kitabuni hakuthubutu: nikagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Kule ndani pakawa kimya. Baada ya muda kukajibiwa, taratibu zaidi. Ko. Ko. Ko.

Kuanzia siku hiyo niligonga kila nilipopata nafasi, ajue kwamba kuna mtu. Sikumwambia yeyote. Nilianza kumchukia Bi Moza kwa chuki safi kabisa, ile ambayo mtoto anaipata mara moja au mbili maishani. Nilimhesabia kila kosa. Mlango wa chumba kile kitasa chake kilikuwa kibovu, na kila Bi Moza alipokwenda sokoni alitia kufuli kwa nje, akavuta mara mbili kuhakikisha, akaweka ufunguo kifuani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, jambo ambalo halikunisaidia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, Jangwani pamejaa maji, walimu wengi hawakuweza kufika, tukarudishwa nyumbani saa sita na kitu. Nilimkuta Bi Moza anatoka na kikapu. Kufuli, vuta, vuta, akaondoka. Nikaenda ukutani kwangu. Ko, ko, ko. Kisha nikasikia kitu kizito kinagusa sakafu, na baada ya hapo hakuna kitu. Nikagonga. Kimya. Nikaita kwa tundu la mlango, "Bi Nasra. Bi Nasra, ni mimi Tekla." Kimya.

Nilitoka mbio mpaka barazani.

"Fundi, Bi Nasra anakufa."

Fundi Issa akasimamisha cherehani. "Nani kakwambia?"

"Alikuwa anagonga ukuta. Kaanguka. Sasa hasemi. Na mlango una kufuli."

Alienda dirishani, akaita kwa adabu, akiangalia pembeni ingawa dirisha lilikuwa limefungwa. "Bi Nasra, hujambo huko ndani?" Akasubiri. Akaita tena. Palikuwa na wapagazi watatu wameegesha mkokoteni wa vitunguu, wanapumzika kivulini. Mmoja akasema, "Fundi, humo si kuna mwanamke wa eda?"

"Najua. Na ana presha pia."

"Msubiri basi wifi yake."

Fundi Issa akavua futi shingoni. "Akifia ndani nitamwambia nini Mungu? Kwamba niliogopa mlango?"

Wakaingia koridoni wote wanne, mpagazi mmoja ameshika nondo. Nondo ilipita nyuma ya tumbuu lililoshika kufuli, mlango ukalia, ukaanguka na bawaba moja.

Bi Nasra alikuwa amekaa juu ya msala, ametupa mgongo, mweupe kuanzia kichwani. Hakugeuka. Alikuwa katikati ya swala ya adhuhuri, na mtu aliye kwenye swala haitikii hata ukimbomolea nyumba. Wanaume wanne walisimama pale mlangoni na nondo yao wasijue la kufanya, mmoja amevua kofia. Tukamsubiri amalize. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, ndipo akatuona.

"Tekla," akasema. "Kuna nini, mwanangu?"

Wale wanaume wakageukia ukuta na kutoka kinyumenyume, mmoja akakanyaga sinia ya iliki. Kando ya sinia kulikuwa na kinu cha shaba na mchi wake umelazwa sakafuni. Alikuwa anatwanga viungo vya dukani, kupoteza muda. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa kuvunjika moyo. Nilitegemea kukuta mifupa na macho. Bi Nasra alikuwa amenenepa.

Bi Moza alirudi akakuta korido imejaa watu. Hakupiga kelele. Aliweka kikapu cha samaki chini, akatazama mlango, akawatazama wanaume.

"Wanne," akasema. "Zimebaki siku tisa, mnaniingilia wanne."

"Mama, tuliambiwa mgonjwa," Fundi Issa akasema.

"Nani aliyesema?"

"Mtoto. Alisikia anagonga ukuta, anaita."

"Aligonga?" Bi Moza akageukia chumbani. "Wifi, uligonga? Ulikuwa unamwita nani?"

Bi Nasra alikuwa ameshajifunika uso. Nadhani hakuelewa hata anaulizwa nini.

Jioni, pale kwenye mihogo ya Mama, habari ilikuwa imeshavaa nguo nyingine: mjane wa Mzee Salum kachoka eda, kagonga ukuta, kaita wanaume. Wale wapagazi hawakuwa watu wabaya, walisimulia walivyoambiwa. Bi Moza akatoa uamuzi wake: eda imeharibika, aanze upya, siku ya kwanza. Miezi minne na siku kumi nyingine. Na Samira alikuwa amebakiza kama wiki mbili ajifungue.

Hilo la Samira Mama ndiye aliyenieleza, usiku ule, akiwa amenikalisha mbele yake kitandani. Hapo ndipo nilipoambiwa eda ni nini, kwa mara ya kwanza. Alinieleza bila kunipiga, nikatamani angenipiga. "Alikuwa anahesabu siku aende kumpokea mjukuu wake," akasema. "Sasa niambie vizuri. Alikuita?"

Nilikuwa nimekiona kile kinu. Nilijua. Nikasema, "Nilisikia kugonga."

Nyuma ya Mama, Felista alikuwa ananitazama. Baadaye alininong'oneza, "Ukitaja kitabu, mimi na wewe basi." Akakificha kwenye gunia la mkaa.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili. Mlango ulikuwa umeegemezwa koridoni unamsubiri seremala, na mahali pake wakatundika pazia. Ungeweza kuona upepo unavyolipuliza. Ndani hakukusikika kitu, wala mchi. Watu wakipita walishusha sauti, si kwa heshima, kwa ile namna nyingine. Niligundua kwamba naweza kula, naweza kwenda shule, naweza kucheza rede na kushinda, na bado kile kitu kipo. Sikujua kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kuwa na vyote kwa pamoja.

Jumamosi Fundi Issa alimleta mwalimu wa madrasa atoe neno. Nilitegemea mzee wa ndevu. Akaja kijana tu, kofia ya pikipiki mkononi, anaangalia saa kwa sababu ana wanafunzi wanamsubiri. Wakampa kiti cha plastiki koridoni. Bi Moza alisimama karibu na pazia, Fundi Issa kwenye ndoo, Mama kanishika bega.

"Wewe ndiye Tekla?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Bi Nasra alikuita?"

"Hapana."

Mkono wa Mama ukakaza.

"Alisema neno lolote? Alisema njoo, au niokoe?"

"Hapana. Alikuwa anatwanga. Mimi ndiye niliyekuwa nagonga."

"Unagonga nini?"

"Ukuta. Ili ajue nipo."

Mwalimu akaweka kofia ya pikipiki chini. "Kwa nini ulidhani anakufa?"

"Kwa sababu ya kioo."

"Kioo kipi?"

Nikamwonyesha shuka. Na nikishaanza kusema mimi sijui kusimama, ndivyo nilivyo hadi leo. Nikamweleza gauni lisilo na doa, dirisha, kufuli, ufa ambao siyo ufa, na Bi Moza aliyesema amepumzika. Nikamwambia kwamba nilidhani Bi Moza amemfungia humo mpaka afe. Fundi Issa alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Bi Moza uso wake haukusogea.

"Nani kakufundisha yote haya?"

Nikafikiria gunia la mkaa. Mlango wa chumba chetu ukafunguka, Felista akatoka, mikono myeusi kwa mkaa, kitabu mkononi.

"Mimi," akasema. "Ni fasihi."

Mwalimu alikipokea kwa vidole viwili, akafunua kurasa kadhaa, akamrudishia. Kisha akamgeukia Bi Moza na kuzungumza kwa upole. Mlango umevunjwa na watu wa nje, akasema, tena kwa nia ya kuokoa. Mwenyewe alikuwa mbele ya Mola wake. Hakuna alichokosa, hakuna cha kuanza upya. Hesabu inaendelea ilipoishia. "Zimebaki ngapi?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya kwanza kuisikia tangu Alhamisi. "Saba."

Bi Moza akajishikilia ukutani. Nilidhani amekasirika, nikajisogeza kwa Mama. Kumbe analia, bila sauti, kama anavyofanya kila kitu. "Zikiisha hizo siku," akasema, "na kaka yangu ndiyo kaisha." Hakuwa anamwambia mtu. Fundi Issa akainuka kutoka kwenye ndoo akampisha akae.

Mtaani maneno yalichukua siku kadhaa kugeuka, kwa sababu uongo ulikuwa na wanaume wanne na ukweli ulikuwa na mtoto na kinu. Lakini Fundi Issa aliusimulia barazani kwa kila mteja, akiongeza chumvi kila mara, na mpaka mwisho wa wiki watu walikuwa wananiita Mganga wa Kuta.

Bi Nasra aliniita nikae upande wa huku wa pazia. Akanieleza mwenyewe. Kioo kimefunikwa kwa sababu hakuwa na haja ya kujitazama. Gauni halina doa kwa sababu hafanyi kazi ya kumchafua. Kufuli alimwomba Bi Moza atie, wapangaji wanaume wasije wakasukuma mlango kwa bahati mbaya, kitasa kibovu.

"Na wewe ndiye uliyekuwa unagonga?"

"Ndiyo, Bi Nasra."

"Mimi nilidhani panya. Nikamtuma Moza anunue mtego."

Nilimwomba msamaha. Akasema sindano ilikuwa imemshinda tangu asubuhi, akaipitisha chini ya pazia pamoja na uzi. Kazi yangu ikarudi.

Siku ya tatu baada ya mwalimu kuja, zikiwa zimebaki nne, nilikuwa nimekaa pale pale natunga uzi, Bi Moza akaja kutoka uani na simu mkononi, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Samira alikuwa amejifungua Tanga alfajiri, kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Nyuma ya pazia Bi Nasra alimshukuru Mungu mara nyingi, maneno yakipandana. Nikajua anafikiria mikono yake, kwa sababu hata mimi nilikuwa naifikiria.

"Wifi, nenda," Bi Moza akasema. "Basi la mchana lipo. Mtoto kaja mapema, hiyo ni dharura, atakayesema neno nitamjibu mimi."

"Wewe ndiye wa kusema hivyo, Moza?"

"Mimi ndiye. Nenda. Binti yako anakuhitaji."

Hakukuwa na mlango. Seremala alikuwa bado hajaja. Kulikuwa na pazia tu, upepo wa barabarani unalisukuma ndani na kulivuta nje, na mchana wa Kariakoo uko hatua nane kutoka pale alipokaa. Niliona kivuli chake kikisimama. Kikakaa hivyo muda mrefu, kisha kikarudi chini.

"Samira ana mama mkwe wake pale," akasema. "Nimebakiza siku nne za Salum. Huyo mtoto nitakuwa naye siku zote atakazonipa Mungu. Salum nina hizi nne tu."

Bi Moza alisimama na ile simu, kioo chake kikawaka, kikazima. Akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyebaki na la kusema. Akavua ndala zake, akazipanga vizuri pembeni ya ukuta, akainua pazia.

"Sogea basi," akasema, akaingia kukaa naye.